Ligi ya fantasi ya uteuzi wa zamu: watu 12, chumba kimoja, wachezaji 180

SWALI: Sisi ni kundi la watu 12. Tisa tuko Mwanza mjini, wawili Sengerema na mmoja Nansio, Ukerewe. Kwa miaka kadhaa tumecheza fantasi ya kawaida ya bajeti (unanunua kikosi cha wachezaji halisi kwenye mtandao na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani), lakini imetuchosha: kufika Novemba kila mtu ana wachezaji walewale. Msimu ujao tunataka tukutane siku moja, tuchague wachezaji kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa awe wa mtu mmoja tu. Kiingilio tumepatana shilingi 20,000 kila mmoja. Tunaingiaje, kanuni zikoje, na siku yenyewe tuiendesheje? (Msomaji, Nyamanoro)

JIBU: Mnachokitafuta kipo tayari, ndugu yangu. Ni FPL Draft, mchezo ndugu wa Fantasy Premier League mliyoizoea. Unaendeshwa na Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe kwenye draft.premierleague.com na kuingia ni bure. Kikosi bado ni wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Vingine vingi mlivyovizoea havimo. Hakuna pauni milioni 100 za kununulia, hakuna ukomo wa wachezaji watatu kwa klabu moja, hakuna kapteni wa kuzidisha pointi, na hakuna wildcard (ile ya kubadili kikosi kizima bila kukatwa pointi) wala turufu nyingine. Waelezeni mapema wale wanaoishi kwa kapteni, kwa sababu wiki ya kwanza ndipo malalamiko huanza.

Kujiunga hakuchukui muda. Kila mmoja awe na akaunti ya Ligi Kuu ya Uingereza; ile ya fantasi ya kawaida inatosha, na timu yako ya kawaida haiguswi. Mtu mmoja, msimamizi, anafungua ligi binafsi na kujaza mambo manne: aina ya ushindani, tarehe na saa ya uteuzi, muda wa kila zamu, na namna ya kuruhusu wachezaji kubadilishwa kati ya wanaligi. Kisha anawatumia wenzake kiungo au namba ya siri ya ligi kwenye kundi la WhatsApp. Ligi moja inabeba hadi watu 16, kwa hiyo 12 mnaenea. Kosa la kawaida hapa ni kumvumilia anayesema “nitajiunga siku hiyohiyo”. Uteuzi ukishaanza mlango umefungwa, na hakuna njia ya kumwongeza mtu wa 13 wala kumrudisha wa 12 aliyechelewa. Wekeni siku ya mwisho ya kujiunga iwe siku tatu kabla, na msimamizi apige picha ya skrini yenye majina yote 12.

Tarehe ina hesabu yake. Mkiiweka mapema, majeruhi wa maandalizi na usajili wa dakika za mwisho utawaharibia watu vikosi kabla ya mechi ya kwanza. Mkiisogeza mno, mtu mmoja akikwama njiani hamna siku ya ziada. Wikiendi moja kabla ya ligi kuanza ndiyo bora. Msimu wa 2025/26, kwa mfano, ulianza Ijumaa tarehe 15 Agosti, hivyo Jumamosi ya tarehe 9 ingefaa. Nane Nane inashawishi kwa kuwa ni sikukuu, ila msiitie kichwani haraka: ni siku ambayo kwa desturi Simba wana tamasha lao, na nusu ya chumba itakuwa inatazama runinga.

Sasa chumba. Uteuzi wenyewe unafanyika ndani ya programu, kila mtu akibonyeza kwenye simu yake, hata kama mmekaa meza moja. Hamwezi kuchagua kwa mdomo halafu mkaingiza majina jioni. Saa ya mfumo inahesabu na haimsubiri mtu: zamu yako ikiisha bila kubonyeza, mfumo unakuchagulia. Kila tahadhari ninayoitaja hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

Watu 12 mara wachezaji 15 ni zamu 180. Kwa sekunde 60 kila zamu, kikomo ni saa tatu kamili. Kwa sekunde 90 ni saa nne na nusu, na hapo watu wa mwisho wanachagua kwa njaa. Chukueni sekunde 60. Raundi tano za mwanzo hutumia karibu muda wote, na kuanzia raundi ya kumi zamu zinakwenda mbio, kwa hiyo mtamaliza kabla ya hizo saa tatu. Anzeni saa nane mchana, watu wawe wameketi saa saba na nusu. Mtamaliza kukiwa bado na mwanga, na wa Sengerema watapata usafiri. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, wao hawana tena sababu ya kusingizia foleni ya kivuko. Wa Nansio ni habari nyingine. Asipange kuvuka asubuhi ya siku ya uteuzi; aje jana yake alale mjini, au achague akiwa hukohuko kwao. Mfumo haujali ameketi wapi, mradi ana mtandao. Aunganishwe kwa simu ya sauti na mtu mmoja chumbani ili asikie utani. Kwa video hapana, itamla bando.

Kibanda umiza kinafaa kwa viti na kivuli, lakini kikodini kwa muda usio na mechi, au mkubaliane na mwenyewe runinga izimwe. Kila mtu aje na bando lake mwenyewe. Mtandao wa kugawana kutoka simu moja ndio unaovunja shughuli hizi, maana simu hiyo ikipigiwa au ikiisha chaji, watu 12 wanapotea kwa pamoja. Uteuzi hauli data nyingi, ni majina na namba tu. Pangeni chumbani pawe na laini za mitandao angalau miwili tofauti, pawa benki mbili zilizojaa, na waya mrefu wa soketi. Umeme ukikatika, simu zilizojaa zinatosha kuwafikisha mwisho.

Pamoja na simu, bandikeni ukutani karatasi za manila zenye safu 12 na mistari 15, na mtafuteni mwandishi ambaye si mmoja wa wachezaji. Mtu anayebonyeza atangaze kwa sauti jina na klabu, mwandishi aandike kwa rangi ya nafasi: kipa rangi moja, beki nyingine, na kadhalika. Karatasi haina mamlaka, mamlaka ni ya programu. Faida yake ni kwamba kila mtu anaona mara moja ni makipa wangapi wameshaondoka, jambo ambalo skrini ndogo inalificha.

Kinga ya kila mmoja dhidi ya saa ni orodha ya wachezaji anaowataka, ndani ya programu, iliyopangwa kwa mfuatano. Muda ukikuishia, mfumo unaanza kuchukua humo kabla ya kugeukia mpangilio wake. Majina 40 si mengi, kwa sababu mpaka zamu ya 40 ifike, mengi ya juu yatakuwa yamekwenda. Na mtazame jina mara mbili kabla ya kubonyeza. Kumewahi kuwa na akina Gabriel watatu katika Arsenal peke yake, na mfumo hauna kitufe cha kurudisha. Tungeni kanuni kabisa: aliyebonyeza kimakosa amebonyeza, atajirekebisha baadaye kwa kubadilishana au kuchukua mchezaji huru, yaani asiye na mwenyewe.

Namba za zamu zinatolewa na mfumo kwa bahati nasibu, kwa hiyo msihangaike kupiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mwendo ni wa kwenda na kurudi: raundi ya kwanza inatoka namba 1 hadi 12, ya pili inarudi kutoka 12 hadi 1. Namba 1 anachukua zamu ya 1, kisha anakaa hadi ya 24 na 25, halafu 48 na 49. Namba 12 anapata ya 12 na 13 kwa mkupuo, kisha 36 na 37. Wa katikati, tuseme namba 6, anapata 6, 19, 30, 43. Watu wa pembeni wafikirie wachezaji wawili-wawili, kwa sababu kati ya jozi na jozi yanapita majina 22 na hakuna atakayekusubiria. Wa katikati hawapiti njaa ndefu hivyo, ila hawapati raha ya kuchukua wawili pamoja.

Na hapa ndipo wazoefu wa bajeti huumia. Fanyeni hesabu ya uhaba. Ligi ina klabu 20, yaani makipa wa kwanza 20. Nyinyi mnahitaji makipa 24. Lazima nafasi nne zijazwe na makipa wa benchi, na atakayesubiri hadi mwisho anaweza kujikuta na wawili wasiocheza kabisa. Si kwamba mkimbilie kipa raundi ya pili. Tofauti ya pointi kati ya kipa wa kati na kipa bora si kubwa. Ila mbio za makipa zikianza, yaani mmoja akichukua na wawili wakamfuata, usizitazame kwa dharau. Pata mmoja wa uhakika katika kundi hilo.

Washambuliaji ni shida kubwa zaidi. Mnataka 36. Klabu nyingi huanza na mshambuliaji mmoja wa kati, na mawinga wengi wafungaji wamewekwa kwenye kundi la viungo. Maana yake karibu theluthi ya washambuliaji mtakaochukua watakuwa wa akiba kwenye klabu zao. Kanuni ya kupanga kikosi inasaidia: kati ya 11 wanaoanza unalazimika kuwa na kipa 1, mabeki wasiopungua 3 na mshambuliaji walau 1. Unaweza kucheza 4-5-1 au 5-4-1 msimu mzima bila kosa. Kwa maoni yangu mwenye zamu ya mwanzoni achukue mshambuliaji mmoja mkubwa, kisha ajaze viungo wanne wa nguvu kabla ya kumfikiria mshambuliaji wa pili. Wa tatu awe raundi ya 15, asibebe matumaini.

Mabeki ni 60 kati ya wale takribani 80 wanaoanza, hivyo wapo hadi mwisho, lakini mabeki wazuri si wengi. Tangu 2025/26 FPL imeongeza pointi 2 kwa kazi ya ulinzi: beki akifikisha jumla ya vitendo 10 vya kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba. Viungo na washambuliaji wanahitaji 12, nao huhesabiwa pia mipira waliyoirudisha kwa timu yao. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa sana, ambaye zamani hakuna aliyemtaka, sasa ana thamani hata siku timu yake inafungwa.

Pointi nyingine mnazijua: bao la mshambuliaji 4, kiungo 5, beki 6, pasi ya bao 3, kipa na beki 4 wasiporuhusu bao, kiungo 1, kadi ya njano inakata 1, nyekundu inakata 3. Yanayozua ugomvi kibandani ni mawili. La kwanza, pasi ya bao ya fantasi si ile ya mtangazaji. Aliyechezewa rafu ikawa penalti, mwenzake akafunga, anapewa pasi ya bao hata kama hakugusa mpira baadaye. La pili, beki aliyetoka dakika ya 58 hana pointi za kutoruhusu bao, kwani lazima acheze dakika 60. Andikeni mapema kwamba hesabu ya programu ndiyo ya mwisho, na kwamba pointi zinazoonekana mechi ikiendelea ni za muda. Bonasi huja baada ya mechi, na wa akiba huingizwa na mfumo baada ya mechi zote za wiki kumalizika. Anayeshangilia Jumapili usiku wakati mpinzani ana mchezaji wa Jumatatu ajishangilie kimyakimya.

Aina ya ushindani chagueni ya mtu kwa mtu: kila wiki unakutana na mmoja, ushindi pointi 3, sare 1. Ina bahati zaidi kuliko jumla ya pointi, lakini inawaweka hai hata walio chini. Hesabu yake ina kipande kisichokaa sawa. Kila mmoja ana wapinzani 11. Mizunguko mitatu ni wiki 33, na msimu una wiki 38, hivyo wiki tano za mwisho utakutana na baadhi mara ya nne na wengine hapana. Wenye kuumia na hilo wanaweza kufunga jedwali wiki ya 33 kwa picha ya skrini, kisha wanne wa juu wakacheza nusu fainali na fainali kwa kujumlisha pointi zao wenyewe. Inafanyika vizuri mradi iwe imeandikwa Agosti. Kuibuni Aprili ni ugomvi.

Muda wa mwisho wa kupanga kikosi ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Saa za Uingereza zinabadilika, zetu hazibadiliki. Kuanzia Agosti hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawazidi saa mbili, kisha saa tatu hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana kwao ina mwisho wa saa 7 mchana Mwanza wakati wa kiangazi chao, na saa 8 mchana wakati wa baridi. Ijumaa ikiwa na mechi ya saa 2 usiku kwao, mwisho ni saa 2:30 usiku au saa 3:30 usiku. Wikiendi ya Ijumaa ndiyo inayowakamata wengi, kwa kuwa mtu amezoea kupanga Jumamosi asubuhi akinywa chai.

Usajili wa katikati ya msimu una hatua mbili. Kwanza ni maombi: unaorodhesha mchezaji unayemtaka na unayemwacha, na mfumo unayashughulikia yote kwa pamoja saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa wiki. Aliye chini kwenye jedwali ndiye anayesikilizwa kwanza. Mwanzo kabisa, kabla ya kuwa na jedwali, mpangilio wa zamu hugeuzwa, hivyo namba 12 anatangulia. Baada ya hapo, wasiochukuliwa wanakuwa wachezaji huru na anayewahi ndiye anayepata. Kwa wiki ya kawaida inayoanza Jumamosi, maombi yanafungwa Ijumaa saa 7 au saa 8 mchana, muda ambao Waislamu wengi wako swala ya Ijumaa au wametoka sasa hivi. Hakuna haja ya kuwa hewani saa hiyo, maombi yanapangwa kabla. Alhamisi usiku iwe ndiyo desturi yenu, na msimamizi atume ukumbusho kwenye kundi.

Kubadilishana wachezaji kati yenu kuna mipangilio kadhaa: kukataza kabisa, kuruhusu bila kuuliza, kupitia idhini ya msimamizi, au kuwapa wanaligi nafasi ya kupinga. Mkiruhusu bila kuuliza, ikifika Machi mtu aliyekata tamaa atampa rafiki yake nyota kwa kipa wa benchi. Msimamizi naye ni mchezaji, ana maslahi. Wapeni wanaligi haki ya kupinga, na mfunge biashara hiyo mwisho wa Februari.

Pesa. Watu 12 kwa 20,000 ni 240,000. Msichanganye na gharama za siku ya uteuzi. Kodi ya chumba, soda na karatasi zichangwe pembeni, la sivyo zawadi itapungua na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Mgao wenye akili ni 120,000 kwa wa kwanza, 60,000 wa pili, 30,000 wa tatu, na 30,000 kwa aliyekusanya pointi nyingi kwa jumla hata kama mechi za mtu kwa mtu zilimkatili. Juu ya hapo, kila mtu aweke amana ya 10,000. Anayeacha kikosi chake kikiwa na majeruhi au waliofungiwa katika 11 wa kwanza kwa wiki tatu mfululizo anaipoteza. Bila amana, wale walioshindwa hupotea Januari, na mpinzani wao anajiokotea pointi 3 za bure huku wengine wakipambana. Hilo linaharibu ligi kuliko kitu kingine chochote.

Kiingilio na amana vilipwe kabla ya siku ya uteuzi, vyote, kwa mtu ambaye si msimamizi, na ujumbe wa muamala ubandikwe kwenye kundi. Asiyelipa hapewi namba ya siri ya ligi. Mweka hazina asichanganye na salio lake la kila siku. Laini ya pili au akaunti ya benki ya pamoja inafaa zaidi kwa pesa itakayokaa hadi Mei.

Na jambo la sheria lisipuuzwe. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake. Nyinyi ni marafiki 12 mnaofahamiana, baki hivyo. Msitangaze nafasi kwa watu wa nje, msikate asilimia ya mwandaaji, na msimpokee aliye chini ya miaka 18. Siku mtakapofikiria kuchukua viingilio vya umma, nendeni kwenye Bodi kuuliza kuhusu leseni kabla ya kuchapa hata tangazo moja.

Mnada wa wachezaji, ambao huenda mwenzenu mmoja atauleta mezani, uacheni kwa mwaka huu. Programu haiufanyi, hivyo kila wiki mtu angejumlisha pointi za watu 12 kwa mkono, na kufika Krismasi angekuwa amechoka.

Washindi walipwe ndani ya siku saba baada ya wiki ya 38 kuthibitishwa kwenye programu, kwa simu, na ya kutolea iwe juu.